Rekodi imejaa sifuri baada ya UPDATE: kusoma na kuandika mafaili ya RPG kwa miundo ya data

*"Nimerithi programu ya RPG IV (lugha ya programu ya mashine za IBM i) inayosoma faili la MAAGIZO na faili la WATEJA. Mafaili yote mawili yana uga unaoitwa HALI na mwingine unaoitwa TAREHE. Kwa muda mrefu tumekuwa tukiona maagizo yakibadilika hali bila mtu kuyagusa. Mwenzangu aliniambia dawa yake ni kusomea rekodi ndani ya muundo wa data, na kwamba programu itakwenda kasi zaidi. Nikafanya hivyo kwenye maktaba ya majaribio: nikaongeza LIKEREC (tamko la muundo wenye umbo la rekodi ya faili), nikaandika jina la muundo kwenye kila CHAIN (amri ya kusoma rekodi kwa ufunguo). Mambo yamezidi kuwa mabaya. Agizo la kwanza lililohuishwa limebaki na namba ya agizo sifuri, HALI tupu na TAREHE 0001-01-01. Lilipofika la pili, programu ikasimama kwa RNX1021. Kompaila haikulalamika hata kidogo. Je, njia hii inafaa kweli, au nirudi kwenye njia ya zamani na kubadilisha majina kwa PREFIX?"*

Dalili ulizozieleza zinatosha kuonyesha kilichotokea, hata bila kuiona programu nzima. Una matatizo mawili, na yote yana mzizi mmoja: mahali ambapo RPG inaiweka data ya rekodi ikiwa safarini kati ya diski na hesabu zako. La kwanza ni mafaili mawili kugombea kigeu kimoja. La pili, lililoletwa na marekebisho yako, ni kwamba sasa unasoma kwa njia moja na kuandika kwa nyingine. Mwenzako alikushauri vizuri, ila ushauri wake uliishia nusu, na nusu iliyobaki ndiyo iliyokuponza.

Tuanze na njia ya zamani, kwa sababu bila kuielewa hii ya pili haitaeleweka. Programu inapofungua faili lenye maelezo ya nje (umbo la rekodi zake limeelezwa kwenye faili lenyewe, si ndani ya programu), mfumo huitengea bafa, yaani eneo la kumbukumbu lenye umbo lilelile la rekodi. CHAIN au READ huileta rekodi hadi kwenye bafa. Bafa hiyo si vigeu vyako. Kati yake na vigeu kuna mistari ambayo hukuiandika wewe: wakati wa kukompaili, kompaila husoma maelezo ya faili na kujitungia maelezo ya ingizo, yale ya herufi I, na maelezo ya matokeo, yale ya herufi O. Ukifungua orodha inayotokana na kukompaili utayakuta yote yamepangwa mmoja mmoja. Mstari wa I unasema: chukua baiti hizi za bafa, weka kwenye kigeu HALI. Mstari wa O unasema kinyume chake: chukua kigeu HALI, rudisha kwenye baiti hizi.

Vigeu hivyo ni vya programu nzima, na hutambulika kwa jina peke yake. Programu ikiwa na mafaili kumi yenye uga HALI, kigeu HALI ni kimoja tu. Si ajali. RPG ilizaliwa mwaka 1959 kwa ajili ya mashine ya IBM 1401, kazi yake ikiwa kutoa ripoti, na kwa kazi ya namna hiyo majina yanayolingana yalikuwa neema: unasoma faili moja, unaandika jingine, na data inahama yenyewe bila mstari hata mmoja wa kuhamisha. Hadi leo kuna programu nyingi zinazotegemea tabia hiyo, kwa hiyo haitaondolewa.

Sasa angalia programu yako ilivyokuwa kabla hujaigusa. Bila shaka ilifanana na hii:

```
chain (nambari) MAAGIZOR;
if %found(MAAGIZO);
  chain (NAMBAMT) WATEJAR;
  JUMLA = JUMLA + ongezeko;
  update MAAGIZOR;
endif;
```

CHAIN ya kwanza ikaweka hali ya agizo ndani ya HALI. CHAIN ya pili ikaifuta na kuweka hali ya mteja mahali palepale. UPDATE ikachukua kilichokuwemo, ikakiandika kwenye agizo. Kwa hiyo agizo lililokuwa wazi la mteja aliyesimamishwa likageuka kuwa agizo lililosimamishwa, na TAREHE ya mteja ikapanda juu ya tarehe ya agizo. Kama nyuga hizo zingetofautiana aina, kompaila ingekataa. Kwa kuwa zinalingana, haikuona kosa lolote, na kwa kanuni za lugha hakuna kosa. Mteja asipopatikana, HALI haiguswi na agizo linabaki salama. Ndiyo maana kasoro ya aina hii huonekana leo na kutoweka kesho, na watu huishia kuwashuku watumiaji.

Muundo wa data unabadilisha safari hiyo. Unapoandika `chain (nambari) MAAGIZOR dsAgizo`, ile mistari ya I hairukwi kwa sehemu, inaachwa kabisa. Bafa yote inanakiliwa kwa mkupuo mmoja kuingia dsAgizo, baiti kwa baiti. Hakuna kigeu cha programu kinachoguswa. Ndani ya muundo, uga unaitwa `dsAgizo.HALI`, na ule wa mteja `dsMteja.HALI`. Ni sehemu mbili tofauti za kumbukumbu, na mgongano wa majina umekwisha.

Lakini UPDATE nayo ina njia zake mbili. Ukiipa muundo, inanakili muundo kwenda bafa kwa mkupuo. Usipoipa, inarudi kwenye mistari ya O na kukusanya vigeu vya programu, kimoja kimoja. Nina hakika programu yako sasa iko hivi:

```
dcl-ds dsAgizo likerec(MAAGIZOR);
dcl-ds dsMteja likerec(WATEJAR);

chain (nambari) MAAGIZOR dsAgizo;
if %found(MAAGIZO);
  chain (dsAgizo.NAMBAMT) WATEJAR dsMteja;
  dsAgizo.JUMLA = dsAgizo.JUMLA + ongezeko;
  update MAAGIZOR;
endif;
```

Ushahidi uko ndani ya swali lako. Tarehe 0001-01-01 ndiyo thamani ambayo RPG huipa kigeu cha tarehe kinapozaliwa. Sifuri ni ya namba, nafasi tupu ni ya herufi. Ulichokiona kwenye agizo la kwanza ni vigeu vya programu katika hali yao ya kuzaliwa, kwa sababu tangu programu ianze hakuna aliyevijaza. Ulisoma kwenda dsAgizo, ukarekebisha dsAgizo, kisha ukaandika kutoka mahali pengine kabisa. Na RNX1021 inasema kuwa rekodi yenye ufunguo huo tayari ipo: agizo la kwanza lilishapewa namba sifuri, la pili likataka namba hiyohiyo, na ufunguo wa kipekee wa faili ukagoma. Ufunguo huo umekuokoa. Bila huo programu ingepita kwenye faili lote ikisafisha rekodi, na kuimaliza kazi bila kutoa ujumbe wowote.

Marekebisho ya haraka ni neno moja: `update MAAGIZOR dsAgizo`. Weka hilo na matokeo yatakuwa sahihi. Ila usiishie hapo. Faili likiachwa lilivyo, njia zote mbili zinabaki wazi, na mtu atakayeongeza UPDATE nyingine miezi ijayo anaweza kusahau neno hilohilo. Kompaila itakaa kimya tena. Kinachohitajika ni kuifunga njia moja:

```
dcl-f MAAGIZO usage(*update) keyed qualified;
dcl-f WATEJA keyed qualified;

dcl-ds dsAgizo likerec(MAAGIZO.MAAGIZOR) inz;
dcl-ds dsMteja likerec(WATEJA.WATEJAR) inz;

chain (nambari) MAAGIZO.MAAGIZOR dsAgizo;
if %found(MAAGIZO);
  chain (dsAgizo.NAMBAMT) WATEJA.WATEJAR dsMteja;
  dsAgizo.JUMLA = dsAgizo.JUMLA + ongezeko;
  update MAAGIZO.MAAGIZOR dsAgizo;
endif;
```

Faili likiwa na QUALIFIED (neno linalodai jina la rekodi litanguliwe na jina la faili), kompaila haitungi tena mistari ya I wala ya O kwa ajili yake. Vigeu vya programu vyenye majina ya nyuga zake havipo. Ukisahau muundo kwenye UPDATE, programu haikompailiki. Mahali popote palipoandikwa HALI peke yake patapata RNF7030, yaani jina halijulikani, na orodha hiyo ya RNF7030 ndiyo ramani ya kazi yako yote. Pitia kila mstari, uamue: hapa alikusudia hali ya agizo au ya mteja? Uamuzi huo ni wako. Hakuna chombo kitakachokusomea nia ya aliyeandika programu miaka iliyopita. Ila hakikisha kwanza hakuna faili la tatu wala tamko jingine lenye jina HALI ndani ya programu, kwa sababu likiwepo, mistari hiyo itakompailika vizuri na kusoma kitu kingine.

Umeona nimeongeza INZ, neno la kuzipa nyuga thamani za mwanzo, kwenye matamko ya miundo. Wengi hudhani muundo huzaliwa na sifuri kwenye namba na nafasi tupu kwenye herufi, kama vigeu vya kawaida. Sivyo. Muundo usio na INZ huzaliwa umejaa nafasi tupu kutoka baiti ya kwanza hadi ya mwisho, hata pale penye uga wa namba. Uga wa desimali iliyobanwa uliojaa nafasi tupu si namba halali. Ukijumlisha nao kabla rekodi yoyote haijasomwa, kwa mfano pale mteja asipopatikana, utapata hitilafu ya data ya desimali, na utahangaika kuitafuta kwenye faili wakati faili halina shida. INZ haigharimu kitu. Iwe desturi yako. Vivyo hivyo, kabla ya kujaza muundo kwa ajili ya WRITE ya rekodi mpya, fanya CLEAR ya muundo wote, la sivyo masalia ya rekodi iliyotangulia yataingia kwenye hii mpya kupitia nyuga ambazo hukuzijaza.

Hapo tumegusa jambo ninalotaka tukae nalo kidogo, kwa sababu ndilo badiliko kubwa la tabia unapohamia njia hii na watu hawaambiwi. Kwa njia ya zamani, kila uga wa namba hupitia mstari wake wa I, na hapo RPG huitafsiri thamani. Ikikuta takataka, hitilafu hutokea palepale kwenye CHAIN au READ. Kwa muundo wa data hakuna tafsiri, ni baiti zinazonakiliwa tu. CHAIN itafaulu, %FOUND itasema ndiyo, na takataka zitakaa kimya ndani ya dsAgizo.JUMLA hadi mstari wa kwanza unaoutumia uga huo, pengine mbali sana, ndani ya prosija (sehemu ya programu inayoitwa kwa jina lake) nyingine. Hapo ndipo MCH1202 au RNX0907, ujumbe wa hitilafu ya data ya desimali, itakapojitokeza. Kama programu yako ilikuwa imezungushia READ kwa MONITOR ili kunasa rekodi mbovu, MONITOR hiyo haitanasa kitu tena. Inabidi uihamishe izungushie matumizi ya nyuga zenyewe, au uandike prosija ndogo inayokagua namba mara tu baada ya kusoma.

Je, hatari hiyo ni ya kweli kwako? Inategemea faili lilivyoundwa. Jedwali lililoundwa kwa SQL hukagua data wakati wa kuandika, hivyo takataka hazipati njia rahisi ya kuingia. Faili halisi lililoundwa kwa DDS (njia ya zamani ya kueleza umbo la faili) na amri ya CRTPF halikagui wakati wa kuandika, na kwa mafaili ya zamani ni kawaida kukuta nafasi tupu zimelala kwenye uga wa namba tangu enzi za mfumo uliotangulia. Na kwa kuwa UPDATE yenye muundo nayo ni nakala ya baiti, uga mbovu usioutumia utarudi kwenye diski ukiwa mbovu vilevile. Wapo wanaoiona hiyo kuwa faida, kwamba programu haifi kwa sababu ya uga isiouhitaji. Mimi naona heri kujua mapema, kwa hiyo kabla ya kuhamisha programu yoyote muhimu hulikagua faili lenyewe kwanza.

Kuhusu kasi, usiibadilishe programu kwa sababu hiyo. Ni kweli nakala ya mkupuo ni kazi nyepesi kuliko kuhamisha nyuga nyingi moja moja. Lakini kompaila kwa kawaida huacha nje ya safari nyuga ambazo programu haizitaji popote, kwa hiyo programu inayotumia nyuga chache za rekodi pana tayari ina safari fupi. Na tofauti yoyote utakayoipata humezwa na muda wa kuifikia diski. Faida halisi ya miundo ya data ni usalama wa majina na uhuru wa kuishika rekodi nzima kama kitu kimoja.

Uhuru huo ndio ninaoupenda zaidi, na programu inayohuisha maagizo ndiyo inayonufaika nao. Chukua skrini ambayo mtumiaji anafungua agizo, anakwenda kunywa maji, anarudi kulihariri. Hutaki rekodi ifungwe muda wote huo, wala hutaki afute badiliko lililofanywa na mwingine katikati. Ukiwa na miundo, unafanya hivi:

```
dcl-ds dsKabla likerec(MAAGIZO.MAAGIZOR) inz;
dcl-ds dsSasa  likeds(dsKabla);
dcl-ds dsMpya  likeds(dsKabla);

chain(n) (nambari) MAAGIZO.MAAGIZOR dsKabla;
dsMpya = dsKabla;
// mtumiaji anahariri dsMpya kwenye skrini
chain (nambari) MAAGIZO.MAAGIZOR dsSasa;
if %found(MAAGIZO);
  if dsSasa = dsKabla;
    update MAAGIZO.MAAGIZOR dsMpya;
  else;
    unlock MAAGIZO;
    // mwambie: rekodi imebadilishwa na mtu mwingine
  endif;
endif;
```

Herufi n kwenye CHAIN ya kwanza inasoma bila kufunga rekodi. CHAIN ya pili inaifunga, na mstari mmoja wa kulinganisha unajibu swali ambalo kwa njia ya zamani lingehitaji nakala ya kila uga na IF ndefu ambayo mtu angesahau kuiongezea uga mpya siku faili linapopanuliwa. LIKEREC husoma maelezo ya faili upya kila unapokompaili, kwa hiyo uga mpya unaingia kwenye ulinganisho wenyewe. Kuna tahadhari moja: kama faili lina nyuga zinazoruhusu NULL (uga usio na thamani yoyote) na unatumia ALWNULL ya *USRCTL (programu yenyewe ndiyo inayosimamia NULL), alama za NULL hazikai ndani ya baiti za muundo. Kulinganisha miundo hakuzioni, itabidi uzikague kwa %NULLIND.

Kitu kimoja ambacho UPDATE yenye muundo haikupi ni kuhuisha nyuga chache tu. Hiyo ni kazi ya %FIELDS, na huwezi kuitumia pamoja na muundo kwenye UPDATE moja. Rekodi iliyosomwa kwa kufunga haibadiliki mikononi mwako, hivyo kuandika rekodi nzima ni salama mradi kila UPDATE inatanguliwa na usomaji uliofunga, kama hapo juu.

Sasa swali lako la mwisho: PREFIX au miundo? PREFIX si njia ya aibu. Kama programu ina maelfu ya mistari, vigeu vya nyuga vimetapakaa kwenye subrutini, na umepewa muda mfupi kuiponya, PREFIX inaondoa mgongano bila kugusa CHAIN wala UPDATE hata moja. Mtego wake ni mmoja: watu huiweka kwenye faili moja tu. Ukiipa WATEJA pekee kiambishi W_, jina HALI tupu linabaki hai likiwa la agizo. Mistari yote iliyokusudia hali ya mteja itaendelea kukompailika, ila sasa itasoma hali ya agizo, na utakuwa umebadilisha kasoro moja kwa nyingine. Weka PREFIX kwenye mafaili yote mawili, ili pasibaki HALI isiyo na mwenyewe, na RNF7030 zikupitishe kila mahali.

Kuna njia ya katikati ambayo wengi hawaijui: PREFIX inayoishia na nukta, kama `prefix('DSMTEJA.')`, ikiambatana na muundo wa jina hilo uliotamkwa kwa EXTNAME (nyuga zake huchukuliwa kutoka maelezo ya faili) na QUALIFIED. Nyuga za faili zinakuwa nyuga za muundo, ila CHAIN na UPDATE zinabaki kama zilivyokuwa, na mistari ya I na O inaendelea kufanya kazi, pamoja na ukaguzi wake wa namba wakati wa kusoma. Kiambishi hicho kiandikwe kwa herufi kubwa. Kwa programu kubwa yenye mafaili ya zamani ya DDS, hii mara nyingi ndiyo hatua ya kwanza ninayoipendekeza.

Na hapo niseme neno kuhusu EXTNAME bila QUALIFIED, kwa kuwa nadhani utaikuta ndani ya programu hiyohiyo. Muundo wa namna hiyo hauleti kusoma kwa muundo. Nyuga zake ni vilevile vigeu vya programu, vimepangwa tu kwa kufuatana kwenye kumbukumbu, na CHAIN isiyotaja muundo itavijaza kimoja kimoja kupitia mistari ya I. Kuuona muundo juu ya programu kusikufanye uamini kuwa mgongano wa majina umeshatatuliwa.

SQL iliyopachikwa nayo ni chaguo la haki, hasa pale unaposoma rekodi nyingi kwa masharti au kuunganisha maagizo na wateja kwa swali moja. Matokeo yake nayo huingia kwenye muundo wa data, kwa hiyo utakachojifunza hapa hakitapotea. Lakini kuiandika upya programu inayofanya kazi, kwa sababu tu ya majina mawili yanayogongana, ni kujiongezea hatari.

Kwa programu uliyoieleza, yenye mafaili mawili ambayo tayari umeanza kuyabadilisha, ningemalizia ulichoanza: QUALIFIED kwenye yote mawili, LIKEREC yenye INZ, na muundo kwenye kila CHAIN na UPDATE. Angalia tu toleo la mfumo wa mashine inayolengwa. Kutaja muundo kwenye operesheni za faili lenye maelezo ya nje, pamoja na LIKEREC, kulikuja na V5R2. QUALIFIED kwenye faili, na mafaili yanayotamkwa ndani ya prosija, yalikuja na 6.1. Matamko ya `dcl-f` na `dcl-ds` yanahitaji 7.1 yenye TR7 (furushi la saba la maboresho ya toleo hilo) au zaidi. Chini ya hapo utayaandika kwa safu, yaani mtindo wa zamani wa kila kitu kwenye nafasi yake maalumu ya mstari, na maana haibadiliki. Kwenye matoleo ya zamani WRITE hudai muundo wa aina ya *OUTPUT na kukataa ule wa LIKEREC usiotajwa aina, ambao kwa kawaida huwa *INPUT. Matoleo mapya yanakubali *ALL kwa operesheni zote. Kwenye mafaili ya skrini, ambako nyuga za kuingiza na za kuonyesha hutofautiana kweli, aina hizi si za kupuuza hata kwenye toleo jipya.

Ukihamishia tamko la faili ndani ya prosija, jambo zuri kwa usafi wa programu, kumbuka kuwa faili hilo hufungwa prosija inaporudi, isipokuwa ukiliwekea STATIC. Prosija inayoitwa kwa kila agizo itakuwa inafungua na kufunga faili kila mara, na hiyo ni gharama utakayoiona kwa macho.

Usizime ukaguzi wa ngazi ya faili kwa LVLCHK ya *NO ili kukwepa kukompaili. CPF4131 inapotokea inakuambia kuwa umbo la rekodi si lile ambalo programu inalijua. Kwa njia ya miundo, ambayo hunakili baiti kwa mkupuo, umbo lisilolingana lina maana kwamba nyuga zinasogea na programu inasoma nusu ya uga mmoja na nusu ya mwingine.

Yapo mambo mawili ya kuketi na watu ana kwa ana. Kasoro ya kwanza, ile ya HALI ya mteja kuandikwa kwenye agizo, imekuwa ikifanya kazi kwenye data halisi, na kusahihisha programu hakurekebishi maagizo yaliyokwishaharibika. Mwone msimamizi wa hifadhidata kabla hujaandika programu yoyote ya kusafisha. Muulize kama MAAGIZO linaandikwa kwenye jarida (kumbukumbu ya kila badiliko la faili), na kama picha za kabla na baada zote zinahifadhiwa. Zikiwepo, amri ya DSPJRN itaonyesha kila UPDATE iliyofanywa na programu hii na thamani ya HALI iliyokuwepo kabla yake. Hapo mnaweza kuamua lipi lirudishwe. Asirudishe mtu mabadiliko kwa RMVJRNCHG kwenye faili linalotumika bila yeye kuwepo, kwa kuwa amri hiyo hurudisha nyuma na mabadiliko halali yaliyofuata. Zikikosekana, mtahitaji mtu wa kitengo kinachomiliki maagizo hayo, kwa sababu yeye ndiye anayejua agizo gani lilistahili hali gani.

La pili, endesha amri ya DSPPGMREF kujua programu nyingine zinazoyafungua mafaili haya mawili kwa pamoja. Majina HALI na TAREHE yamo kwenye mafaili yenyewe, hivyo mgongano ulioukuta unaweza kuwa kwenye kila programu inayoyasoma yote mawili na kuhuisha mojawapo. Orodha hiyo ipeleke kwa mkuu wako wa kazi ukiwa na mfano mmoja wa agizo lililoharibika mkononi.